Namba za Miwani Ziliposhuka

Mtoto mdogo hapimwi macho kwa hiari yake. Wanaokwambia ati mtoto wao alitulia akatazama tochi ya daktari wanakudanganya. Wangu nilimfunga shuka mikono ikiwa ndani, nikamlaza juu ya meza, nikamlalia miguu kwa kifua changu kama mtu anayeshika kuku wa kuchinja. Nesi mmoja akamshika kichwa kwa viganja viwili. Mwingine akampanua kope kwa kidude cha waya, na daktari akainama na tochi yake yenye mwanga mwembamba, akawa anapitisha vioo mbele ya jicho kimoja baada ya kingine, akitaja namba taratibu, na mtoto analia mpaka sauti inakatika anabaki kufungua mdomo tu. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na kidogo. Nilimbembeleza kwa lugha yetu ya nyumbani, nikamwimbia, wapi! Daktari akasema, "Shika vizuri, mama, nisirudie." Nikashika vizuri.

Hiyo ilikuwa Nyeri mjini, miaka ya sabini. Daktari wa macho alikuwa akitoka Nairobi mara moja kwa mwezi, na siku yake benchi za nje zilijaa tangu asubuhi na mapema: wazee wenye makoti mazito, kina mama waliotoka mbali hata Kangari na majani chai bado yamewatia weusi vidoleni, na sisi watu wa polisi ambao tulikaa upande wetu kwa sababu hatukujua Kikuyu. Mimi ni mtu wa magharibi. Niliolewa na polisi nikiwa msichana, nikamfuata kila alikopelekwa, mpaka tukafika Kiganjo, yeye akiwa sajini wa kufundisha makuruta gwaride. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili kwenye laini za polisi, ukuta mmoja na majirani, na ukikohoa kwako wanakwambia pole kwao.

Msichana wangu alizaliwa hapo, na macho yake yote mawili yalikuwa na weupe katikati ya mboni. Ugonjwa wenyewe unaitwa mtoto wa jicho. Mimi nilijua ni wa wazee, na kila mtu kwenye laini alijua hivyo, kwa hiyo wakanitafutia kosa. Mmoja alisema nilitazama kitu kibaya nikiwa mjamzito. Mama mkwe wangu alituma ujumbe kutoka nyumbani kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuzaliwa na macho meupe, hivyo mwanawe ajiulize vizuri mtoto ni wa nani. Mume wangu hakuniuliza kitu, lakini ujumbe huo alinisomea wote kwa sauti, neno kwa neno, akiwa amekaa juu ya kitanda anapiga viatu rangi.

Walimpasua jicho moja, halafu la pili. Wakati ule hawakuweka kitu ndani. Siku hizi mambo ni mengine kabisa. Juzijuzi nilimsindikiza jirani yangu wa hapa Nanyuki ninakoishi sasa na mjukuu wake, nikaona mtoto analazwa usingizi, mashine inapima urefu wa jicho na mviringo wake, wanapiga hesabu jicho litakua kiasi gani, kisha wanamwekea lenzi ndani kwa ndani. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji, jirani akadhani nimezidiwa na harufu ya dawa. Sikuzidiwa na dawa. Nilikuwa na wivu, wivu wa wazi, juu ya mtoto mchanga wa watu.

Sisi tulipewa miwani. Vioo vyake vilikuwa vinene kama kitako cha chupa ya soda, na nyuma kulikuwa na mpira wa kuzungushwa kichwani isianguke. Daktari alinieleza polepole, kwa Kiswahili cha kuungaunga, na ninamshukuru kwa hilo. Alisema ndani ya jicho la kila mtu kuna lenzi. Ya mtoto wangu ilikuwa imeharibika, wakaitoa, sasa hana. Hii ya nje ndiyo lenzi yake. Ukimvua, umemvua jicho. Akasema pia kwamba jicho hujifunza kuona vile mtoto anavyojifunza kusema, na masomo hayo ni ya miaka ya mwanzo tu. Lisipojifunza sasa, baadaye utaliwekea kioo chochote unachotaka na halitajua linatazama nini. Tena macho yamechelewa kupasuliwa, akasema, kwa hiyo hatuna siku ya kupoteza.

Jambo la mwisho alilonieleza ndilo lililotuua. Alisema jicho la mtoto linakua, na linavyokua ndivyo kioo kinavyohitaji kupunguzwa nguvu. Ndiyo maana lazima arudi kupimwa mara kwa mara. Leo ni namba kumi na nane. Akirudi itakuwa chini kidogo, na baadaye chini tena. "Usishangae," akaniambia. "Si kwamba anapona. Ni kukua. Bila miwani huyu hataona, hata awe mama mzee." Nilielewa. Darasa la nne nililosoma lilitosha kuelewa hayo.

Lakini alinieleza mimi. Mume wangu alikuwa nje chini ya paa la posta, kofia kwapani, kwa sababu sajini hawezi kukaa benchi moja na kina mama wanaonyonyesha. Nilipomweleza njiani alisema madaktari huwaambia wanawake maneno mengi ili waonekane wamefanya kazi.

Siku ya kwanza kumvalisha, mtoto alinitazama usoni muda mrefu, halafu akaingiza kidole mdomoni mwangu akashika jino. Wiki hiyohiyo aliinama sakafuni akaokota punje ya mchele, moja, akaniletea. Nilikaa chini nikacheka na kulia pamoja. Watoto wa laini walimwita Chupa, mimi wakaniita Mama Chupa, na hata kuruta mmoja mjinga alithubutu kuniita hivyo dukani, nikampa vidonge vyake mbele ya watu mpaka akasahau alichokuja kununua. Sikujali. Mtoto wangu alikuwa akiokota mchele.

Tuliporudi kupimwa, namba ilikuwa kumi na sita. Nilimwambia mume wangu kama habari ya kawaida, nikiwa napepeta maharagwe. Akageuka.

"Inashuka?"

Nikamwambia inashuka, kama daktari alivyosema, kwa sababu jicho linakua. Neno la pili hakulisikia. Kwake yeye kitu cha hospitali kikishuka ni kupona: homa hushuka, uvimbe hushuka. Akamnyanyua mtoto, akamtoa nje mbele ya wanaume wenzake waliokuwa wakicheza drafti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Nilimwona anacheka nao. Mungu anisamehe, niliwaacha wafurahi, nani angekatiza kitu kama hicho.

Kipimo kilichofuata kilikuwa kumi na nne, na hapo ndipo mambo yakaingia kanisani.

Lazima nieleze ushirika wetu ulivyokuwa. Kiganjo kulikuwa na watu waliookoka, walimu, polisi, wenye maduka, na kila Jumapili baada ya ibada tulibaki kwa ushuhuda. Mtu alisimama akasema Bwana amemtendea nini, wengine wakaitikia na kuimba. Mume wangu alikuwa ameokoka baada ya miaka mingi ya pombe, na ushuhuda wa pombe alikuwa ameutoa mpaka umechakaa, watu walikuwa wanaangalia saa. Jumapili hiyo alikuwa na mpya. Alisimama wima, mikono ubavuni, akasema mtoto wake alipewa namba kumi na nane, Bwana akashusha mpaka kumi na sita, akashusha tena mpaka kumi na nne, na Bwana huyo haachi kazi katikati, atashusha mpaka sifuri. Kanisa lililipuka. Wanawake walipokezana mtoto, wengine wakilia, na mke wa mwalimu mkuu, dada mkubwa wa ushirika wetu, alimbusu juu ya vile vioo vinene vikajaa ukungu.

Pale kwetu ushuhuda ukishatolewa haurudishwi. Ukishasema umeacha pombe umeacha, hata kama chupa iko chini ya kitanda. Kuanzia siku hiyo kila mtu alinisimamisha njiani kuuliza imefika ngapi. Kwenye duka la sukari, imefika ngapi. Kisimani, imefika ngapi. Nikaanza kueleza habari ya jicho kukua, na nikaona nyuso zinajifunga. Dada mkubwa alinishika mkono akaniambia shetani hupenda kupitia mdomo wa mama. Baada ya muda mfupi ndugu mmoja alisimama katika ushirika akauliza, kwa upole sana, kama mtu amepokea uponyaji kwa imani, kwa nini bado ameshikilia miwani.

Jioni ile mume wangu alimvua mtoto miwani, akaikunja mpira wake, akaitia kwenye sanduku lake la chuma pamoja na mkanda wa gwaride, dawa ya kung'arisha shaba na kadi ya hospitali. Akafunga kufuli. Ufunguo aliufunga kwenye kamba ya filimbi yake. Mtoto alikuwa na miaka mitatu.

Sikunyamaza. Wanaosema wanawake wa zamani walinyamaza hawakukaa kwenye laini za polisi. Nilimwambia, "Hiyo si ugonjwa inashuka. Ni jicho inakua. Daktari aliniambia mimi kwa mdomo wake."

Akanijibu polepole, bila kupandisha sauti. "Wewe unataka mtoto awe kipofu, ndiyo upate kusema ulikuwa na haki."

Nilimrushia sufuria ya maji ya ugali. Alinipiga, majirani wakasikiliza kupitia ukutani, na kesho yake wazee wa ushirika walikuja kukaa kwenye viti vyangu na kunywa chai yangu wakinishauri juu ya roho ya ubishi. Niliomba ruhusa ya kwenda Nyeri, ikakatazwa. Hospitali, kwa sisi familia za polisi, ilikuwa ya kwenda na barua iliyoombwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa yeye. Niliposema nitakwenda bila barua, alinipakia na mtoto kwa gari moshi mpaka kwa mama yake, nikakaa huko msimu mzima wa mahindi nikisikia mkwe akimwambia mtoto ati mama yako anakuombea upofu. Nilirudi nimekonda. Sanduku lilikuwa palepale chini ya kitanda.

Naye alikuwa na dawa yake. Mtu aliyezoea kuchukua vijana legelege wa shamba akawafanya askari anaamini kila kiungo kinanyooshwa kwa mazoezi. Kwa nini si jicho? Kila jioni alimtoa mtoto kwenye nyasi nyuma ya laini. Alimsimamisha wima, visigino pamoja. Yeye akaenda kusimama mbali kidogo, akauliza yuko wapi. Mtoto akanyoosha kidole. Akahama, akauliza tena, mtoto akanyoosha tena, na mara nyingi alipata. Kisha baba akauliza kwa sauti ya gwaride, "Unaona?" Na mtoto ajibu kwa sauti hiyohiyo, "Naona, afande!" Makuruta waliokuwa wakipita walipiga makofi. Akijibu vizuri alipandishwa mabegani akazungushwa laini yote. Alipenda mabega yale kuliko kitu chochote duniani.

Neno lenyewe lilimkaa mdomoni. Nikifunua chungu alisema anaona maharagwe. Mvua ikianza kugonga bati alisema anaiona. Majirani walicheka wakasema mtoto wa sajini hakuna kisichomfikia. Mimi nilimtazama akipapasa ukuta kutafuta mlango, macho yanachezacheza hayatulii mahali.

Nilijua mtoto anachofanya. Mume wangu alivaa viatu vya misumari, na kiunoni alikuwa na funguo. Akisogea mguu mmoja kwenye changarawe hata mimi ningejua yuko wapi na nimefumba macho. Siku moja nikatoka nje nikamwambia mbele ya wenzake avue viatu, aweke funguo chini, ajaribu hivyo. Nilidhani nimempata. Kwa vile watu walikuwa wanatazama hakuweza kukataa. Alivua, akatembea na soksi juu ya nyasi bila sauti, akaenda kusimama upande wa kushoto, kando ya miti ya kamba za nguo.

"Niko wapi?"

Mtoto alisimama. Akageuza kichwa huku, akageuza kule, kidole kimeinuka nusu. Nikaona uso wake unavyotafuta, na nikataka kurudisha maneno yangu yote tumboni.

"Unaona?" baba akauliza.

"Naona, afande," akasema, na akaondoka mbio, mbio za furaha kabisa, mikono mbele, akaupiga mti wa kamba ya nguo kwa paji la uso. Alianguka chali. Damu ilimfunika jicho moja. Nilipomfikia alikuwa anasema naona, naona, ili apandishwe mabegani.

Mume wangu alivaa viatu vyake kwanza. Halafu akaniambia mbele ya wote kwamba mimi ndiye niliyemwangusha, nimeleta mashaka pale, na mtoto ameyahisi. Yule ndugu mpole wa ushirika alikuwepo. Aliitikia kwa kichwa akasema ni kweli. Kovu binti yangu analo hadi leo, juu ya nyusi. Ameniambia niandike haya yote, ila nisitie chumvi. Sijatia.

Mwaka uliofuata polisi walipelekwa upande wa Timau, kwa sababu ya wizi wa ng'ombe kwenye mashamba ya ngano, na mume wangu akaenda nao. Filimbi alikwenda nayo, na ufunguo. Asubuhi aliyoondoka sikusubiri hata vumbi litulie. Nilichukua shoka la kuni, nikalivuta sanduku mpaka nje kwenye mwanga, nikaanza kupiga kufuli. Wanawake wote wa laini walitoka wakasimama na watoto mgongoni. Hakuna aliyenisaidia, hakuna aliyenizuia. Kufuli halikuvunjika, ila bati lilichanika, nikaingiza mkono.

Miwani ilikuwa ya mtoto mdogo. Nilikuwa nimesahau ilivyo midogo. Mpira umekauka, kioo kimoja kimekwaruzwa na shaba ya mkanda. Nilimvalisha kwa nguvu ikambana masikioni, akalia akasema inamuumiza ndani ya macho, akaing'oa. Nilimvalisha tena, akaing'oa tena. Ilikuwa namba ya jicho la miaka mitatu, na yeye sasa alikuwa wa miaka mitano. Basi nikajua hakuna njia ila kupimwa upya. Siku ya daktari ilipofika, nilipanda lori la maziwa na ile kadi ya hospitali ya sandukuni mkononi, bila barua ya mtu yeyote, na mlangoni nikamwambia nesi kama ananirudisha anirudishe maiti. Akanipisha.

Safari hii hakuna aliyemfunga shuka. Alikaa kwenye kiti mgongo wima, mikono magotini, kidevu juu. Daktari alikuwa yuleyule, nywele zimeanza mvi. Alimsifu. Alisema hajawahi kupima mtoto mtulivu hivi. Alipitisha tochi, akaweka vioo, akatoa, akaweka vingine, akatabasamu.

"Kumi na mbili," akasema. "Jicho limekua vizuri sana."

Akamvalisha ile miwani ya chuma ya kujaribia, nzito, yenye vioo vya namba sawasawa, akamwonyesha picha kubwa ya kuku.

"Hii ni nini?"

"Naona."

"Ndiyo. Ni nini?"

"Naona, afande."

Akaleta ya kikombe. Akaleta ya mkono. Kila picha jibu lilikuwa hilo, kwa sauti nzuri ya kujiamini. Daktari akainua vidole viwili karibu na uso wake, akauliza kama anaviona, akasema anaviona. Kisha daktari akatia mikono yote miwili mifukoni mwa koti lake.

"Na sasa? Vidole unaviona?"

"Naona, afande."

Alinigeukia. Aliniuliza miwani imekaa muda gani bila kuvaliwa, nikamwambia. Alinijia juu mbele ya manesi wote na wagonjwa walio mlangoni. Alisema mtu akimwibia mtoto mkate anafungwa, na sisi je? Akasema, "Nilikwambia, mama, nilikaa hapa nikakwambia." Niliacha amalize.

"Uliniambia mimi," nikasema. "Yeye hukumwambia."

Alikaa, akasugua uso. Akaniambia macho ni safi, kipimo hakina kosa, na kioo hicho kinatupa picha pale ndani sawasawa. Ila hakuna wa kuipokea. Alichoanza kujifunza kwa ile miwani ya kwanza kimefutika, na muda wake wa kujifunza umekwisha kwenda. Atajua mchana na usiku. Atajua mtu amepita mbele ya dirisha. Kitabu hataona, wala uso. Alisema ataagiza miwani hata hivyo, nisije nikasema hakuagiza, lakini nianze mapema kuuliza shule ya wasioona. Mtoto alikuwa palepale kwenye kiti, anachezesha miguu, anangoja kusifiwa tena. Tulikuwa tunaongea kwa sauti ya chini.

Mume wangu alirudi kutoka Timau Jumamosi, vumbi la ngano mpaka kwenye nyusi. Nilimweleza akiwa bado mlangoni, yote, bila kumkaribisha maji. Alinipita akaenda kutazama chini ya kitanda. "Umevunja sanduku ya serikali," akasema. Alilipapasa lile bati lililochanika muda mrefu, bila kunitazama usoni, na nikafurahi. Kisha akasema kesho tutaomba.

Kesho yake nilikwenda kanisani na mtoto, nikakaa benchi ya mbele. Ibada ilipokwisha na watu wakabaki kwa ushuhuda, nilisimama kabla ya mtu mwingine. Nilisema nimekuja kuwaambia namba imefika ngapi, kwa vile wameniuliza miaka hii yote. Imefika kumi na mbili. Wakaitikia, asifiwe, wengine wakainua mikono. Nikangoja mpaka wakanyamaza.

"Imefika kumi na mbili na mtoto haoni. Ilikuwa inashuka kwa sababu anakua. Mngemwacha na miwani yake angekuwa anasoma. Nyinyi na baba yake ndio mmemfanya kipofu."

Katika ushirika ule kulikuwa na njia ya kumnyamazisha mtu bila kumgusa. Akipotoka katika ushuhuda, mmoja huanzisha wimbo, na wote hudakia, wanasimama, wanapiga makofi, mpaka asikike kama mtu anayesema chini ya maji. Nilikuwa nimeona wengine wakifanyiwa. Nilijua utakuja. Nilikuwa tayari kwa dada mkubwa, au yule ndugu mpole. Wimbo ulitoka benchi ya nyuma yangu, kwa sauti iliyozoea kufika mwisho wa uwanja wa gwaride, na niliitambua bila kugeuka.

Niliendelea kusema. Nilisema yote niliyoambiwa na daktari, nikapiga kelele, nikarudia tangu mwanzo, sikusikia hata neno langu moja. Watu waliimba wakinitazama kwa huruma. Hata mtoto wangu aliimba, kwa sababu alipenda nyimbo, akipiga makofi kwa nguvu zake zote, ameelekea upande usio na mtu. Sauti iliponikauka nilimshika mkono tukatoka.

Tulipita njia ya nyuma ya maduka. Alikuwa akikanyaga polepole kama kawaida yake, ananifinya kidole kila penye shimo. Tulipofika kwenye ua la miti akasimama.

"Mama, kwani mimi sioni?"

Nilitafuta uongo mzuri wa kumwambia, nikakosa. Nilikuwa nimechoka na uongo mzuri.

"Huoni, mama," nikasema.

Alifikiri. Hakuonekana amesikitika, alikuwa kama anayejaribu neno jipya mdomoni. Tukatembea kidogo tena.

"Na baba anajua?"

Nikamwambia anajua. Hapo ndipo alipoanza kulia.